Mgao wa Hatari: Tafakari ya Watu na Usimamizi katika Ukanda wa Dhahabu

Mwenendo wa mtu kazini hauelezwi na silika yake peke yake. Yule yule anayechelewa, anayeficha kosa na kusubiri aamriwe akiwa mwajiriwa, huamka alfajiri bila kengele na kulinda mali usiku kucha akiwa na fungu lake katika kinachopatikana. Moyo wake haujabadilika; kilichobadilika ni mpangilio aliomo. Katika kila mpangilio kuna maswali matatu yanayofaa kuulizwa kabla ya mengine: nani anabeba hatari, nani anaiona kazi ikifanyika, na nani anagawa matunda yake. Wizara, shule, kiwanda na genge la vibarua hutofautiana kwa majibu ya maswali hayo kuliko kwa majina ya vyeo vyao.

Ukanda wa dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Viktoria, kutoka Shinyanga na Kahama hadi Geita, unayaweka majibu hayo bayana kuliko sehemu nyingi. Mwadui, wilayani Kishapu, kuna mgodi wa almasi wenye mji wake. Karibu na Kakola kuna Bulyanhulu, mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Pembeni mwa mji wa Geita kuna mgodi wa dhahabu wa Geita, GGM, ulioanza mwaka 2000. Na kila upande, Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na kwingineko, wachimbaji wadogo wamechimba maduara, yaani mashimo yao, yasiyohesabika. Watu wenyewe huhama huku na huko: aliyekuwa mwendesha mitambo wa kampuni akipunguzwa kazini hupeleka mafao yake kwenye duara, na kijana wa duarani akipata leseni ya udereva huomba kazi kampunini. Kwa kuwa watu ni wale wale, tofauti ya mwenendo wao haina budi kutafutwa katika namna kazi ilivyopangwa.

Katika uchimbaji mdogo ngazi ni tatu. Juu yupo mwenye leseni, ambaye kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 lazima awe Mtanzania, na leseni yake hudumu miaka 7 kabla ya kuhuishwa. Mara nyingi yeye hachimbi. Anayefuata ni mwenye duara, anayegharimia shimo: kamba, matimba ya kuzuia kuta, baruti, pampu ya maji na chakula. Chini kabisa, kwa cheo na kwa kina, wapo wachimbaji. Mshahara haupo. Kipo chakula cha kila siku, ambacho mwenye duara hukitoa kama rasheni, na upo mgao siku mwamba ukizaa. Mgao uliozoeleka ni asilimia 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa mwenye duara na 30 kwa wachimbaji, ingawa kila machimbo yana mapatano yake, hasa kuhusu gharama zipi zikatwe kwanza.

Mgao wenyewe hufanyika mdomoni mwa duara. Mawe hupandishwa kwa winchi ya mkono, hujazwa kwenye viroba, na viroba hupangwa mafungu mbele ya macho ya wote. Kinachogawanywa hapo ni mawe, wala si dhahabu. Hakuna ajuaye kiroba kipi kimebeba nini. Kila upande huchukua wake hadi kwenye mashine ya karasha, mawe yakasagwa, kisha mwaloni, mahali pa kuoshea, yakaoshwa na dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Kugawa mapema namna hiyo kuna busara yake: wote hubeba kutojua kwa kiasi kile kile, na asiyejua zaidi ya mwenzake hana la kumdanganyia. Mahali ambapo mgao husubiri hadi dhahabu ipatikane, shaka huandamana na mawe njia nzima. Wachimbaji hutuma mtu wao akae karashani mchana na usiku, maana mashine hubakiza chembe kwenye mapengo yake, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, mara nyingi hubaki kuwa mali ya mwenye karasha.

Duarani hapahitajiki mnyapara wa kupiga kelele. Anayezembea hupunguza fungu la wenzake, na wenzake ndio wanaomwona, kwa kuwa wamo naye shimoni. Nguvu hii ya kikundi ilichunguzwa mapema na wataalamu wa Marekani katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kati ya mwaka 1924 na 1932, katika utafiti uliovuma pamoja na jina la Elton Mayo. Katika chumba cha mafundi wa nyaya, wafanyakazi waliolipwa kwa kutazama uzalishaji wa kikundi chao walikubaliana kimyakimya wasizidishe kazi, na aliyezidisha alitaniwa na kupigwa ngumi begani. Waliogopa kwamba wakionyesha uwezo wao wote, wakubwa wangepandisha kipimo. Duarani kikundi kina nguvu ile ile, lakini huisukuma kazi mbele. Sababu ni kwamba kipimo kimewekwa na desturi ya machimbo mazima. Mwenye duara akijaribu kupunguza fungu la watu wake, watahamia duara la jirani kesho yake. Kikundi hakina tabia moja ya kudumu. Huongeza au huzuia juhudi kwa kadiri kinavyoamini kwamba maneno yaliyokubaliwa hayatageuzwa.

Mpangilio huo haukushuka na dhahabu. Usukumani, muda mrefu kabla ya leseni na makarasha, kazi za shamba zilifanywa na makundi ya vijana yaliyoongozwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, aliyepanga zamu za kulima, akapokea malipo ya kundi na kusimamia nidhamu. Ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe, ilizaliwa katika kazi hiyo hiyo: mdundo uliwaweka walimaji kwenye mstari mmoja, na aliyebaki nyuma alijulikana bila kutajwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi katika maeneo ya Kahama, Shinyanga na Nzega, wanakijiji waliunda sungusungu, wakawa na mtemi wao, katibu wao na makamanda wao. Adhabu yake iliyoogopwa sana ilikuwa kutengwa. Aliyekataa wito hakusaidiwa msibani, hakuazimwa jembe, hakusalimiwa. Mwaka 1989 sheria ililitambua jeshi hilo la jadi, lakini nguvu yake haikutoka serikalini, na kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu pia kuizuia pale ilipovuka mipaka na kuwaadhibu watu bila ushahidi. Machimbo mapya yanapovuma na watu kumiminika, kamati inayoundwa pale kulinda mali na kuamua ugomvi huwa na sura hiyo hiyo: viongozi wachache wanaojulikana, maamuzi hadharani, na adhabu ya kufukuzwa.

Udhaifu wa duara upo pale pale penye nguvu yake. Mgao hufuata mawe tu, na kazi isiyotoa mawe haina fungu. Kuweka matimba, kupanua njia ya hewa na kuvuta maji ni kazi ya kutwa nzima isiyojaza hata kiroba kimoja. Mwenye duara huiona kuwa gharama, na mchimbaji huiona kuwa siku iliyopotea. Hatari ya fedha na hatari ya mwili zimegawanywa kwa watu wawili tofauti: mmoja akikosa hufilisika, mwingine akikosa hufukiwa. Mwaka 2015 mgodi uliporomoka Nyangalata, Kahama, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula mende na vyura na kunywa maji yaliyodondoka mwambani. Januari 2017 watu 15 walifukiwa katika mgodi mmoja wa Nyarugusu. Waokoaji walifikisha bomba hadi walipokuwa, chakula kikashuka kwa njia hiyo na ujumbe wa maandishi ukapanda, nao wakatolewa wote wazima. Matukio ya aina hii husimuliwa kama miujiza au kama uzembe. Kwa jicho la usimamizi ni matokeo ya hesabu: kazi ya usalama isipokuwa na fungu lake katika mgao, haifanywi, hata na watu wanaopendana.

Mwadui ulijibu maswali yale matatu kwa njia nyingine kabisa. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi hapo mwaka 1940, na hadi alipofariki mwaka 1958 aliuendesha mgodi kama milki yake binafsi. Baada yake ulinunuliwa kwa pamoja na kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika, ukataifishwa miaka ya 1970, De Beers wakarudi mwaka 1994, na mwaka 2009 ukapita mikononi mwa kampuni ya Petra. Wenyewe wamebadilika, lakini umbo la taasisi lilidumu kwa miongo mingi: kampuni iliyotoa kazi ilitoa pia nyumba, hospitali, shule, duka, maji na umeme. Katika mji wa namna hiyo hatari za maisha karibu zote huhamia kwa mwajiri, na mfanyakazi hulipa kwa utii. Kufukuzwa kazi ni kufukuzwa nyumbani, na mtoto huondolewa shuleni. Utulivu wa mji kama huo ni wa kweli, ila hauonyeshi kama watu wameridhika au wamehesabu tu kile watakachopoteza.

Aina ya madini nayo husaidia kuunda usimamizi. Almasi huonekana kwa jicho, hufichika mdomoni au katika upindo wa suruali, na jiwe moja laweza kuzidi ujira wa maisha. Kwa hiyo uchimbaji wa almasi, popote duniani, hujengwa juu ya uzio na upekuzi, na kila mtu hutoka kazini akiwa mtuhumiwa hadi apekuliwe. Dhahabu ya Geita imetawanyika mwambani, gramu chache tu kwa tani nzima. Dereva wa lori kubwa hawezi kuiba dhahabu aliyoibeba, hata akitaka. Anachoweza kuiba ni dizeli. Upekuzi mkali huhamia mwisho wa mtambo, kwenye chumba cha kuyeyushia dhahabu, na walinzi wengine hugeukia matangi ya mafuta. Mfanyakazi wa sehemu hizo mbili huishi katika taasisi mbili tofauti, ingawa beji zao zinafanana.

Migodi mikubwa ya kisasa imejengwa juu ya wazo lililopewa umbo na Frederick Taylor nchini Marekani mwaka 1911: kazi ipimwe, igawanywe vipande, na kufikiri kuondolewe kwa mtendaji na kukabidhiwa ofisi ya mipango. Wapigaji baruti ni kundi lao, wachorongaji lao, wabebaji lao, na kila zamu ina idadi ya tani inayodaiwa. Tija yake haina mjadala. Hasara yake ilielezwa mwaka 1951 na Eric Trist na Ken Bamforth, walipochunguza migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Hapo awali vikundi vidogo vya watu waliochaguana vilifanya kazi yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mashine zilipokuja, kazi ikakatwa vipande vitatu kwa zamu tatu. Kila zamu ikairithisha inayofuata matatizo yake, lawama zikazidi, na utoro pia. Mashine hazikuwa mbovu. Zilikuwa zimevunja kikundi kilichokuwa kikibeba hofu ya shimoni pamoja, na hakuna kilichowekwa badala yake.

Alvin Gouldner, katika utafiti wake wa mgodi wa jasi huko Marekani uliochapishwa mwaka 1954, aligundua kwamba kanuni zile zile za kampuni zilifuatwa na watu wa juu ya ardhi na kupuuzwa na watu wa chini. Meneja mgeni aliyetaka kunyoosha kila kitu kwa karatasi alifanikiwa kiwandani, ila shimoni alikwama. Wa chini waliona kwamba anayekabili mwamba ndiye anayejua wakati wa kuendelea na wakati wa kuacha, na kwamba karatasi iliyoandikwa juani haina haki ya kuamrisha gizani. Tofauti hiyo ina uzito katika ukanda huu, ambako Bulyanhulu ni mgodi wa chini tangu mwanzo, na Geita, ulioanza na mashimo ya wazi, umeongeza uchimbaji wa chini. Kadiri kazi inavyozama, ndivyo uwezo wa ofisi wa kuona unavyopungua, na ndivyo neno la mtendaji linavyohitajika zaidi.

Hapo ndipo heshima, iliyo nguzo ya malezi, hugeuka mtego. Kijana aliyefundishwa asimkosoe mkubwa hadharani huona ufa darini, akasita kumwambia msimamizi mwenye umri wa baba yake. Kampuni hubandika mabango yanayompa kila mtu haki ya kusimamisha kazi yenye hatari, lakini haki hiyo hupimwa siku ya kwanza mtu anapoitumia bure, kwa ufa ambao haukuwa na madhara. Akichekwa au akikatwa bonasi ya zamu, wenzake wote wamejifunza. Geert Hofstede, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kilichotokana na majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alieleza umbali kati ya mkubwa na mdogo kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa, na katika hesabu zake za baadaye Tanzania iliunganishwa na Kenya, Ethiopia na Zambia kuwa fungu moja. Majibu ya watu wa ofisi za kompyuta hayawezi kumsemea mchimbaji wa Kakola. Kijana yule yule anayenyamaza mbele ya meneja hubishana na mwenye duara kwa sauti ya juu, tena mbele ya watu, kwa sababu duarani ana fungu na ana pa kuhamia. Ukimya wake kampunini si mila tu. Ni tathmini ya gharama.

Mgogoro wa wazi hutokea pale sauti hizo ndogo zinapokosa njia. Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka 1971 ulipokemea viongozi wenye majivuno na ukandamizaji, wafanyakazi wa viwanda vya Tanzania waliusoma kama ruhusa ya kuwahoji mameneja wao, na kwa miaka michache migomo na kuwafungia wakubwa milango ikawa jambo la kawaida hadi serikali iliyoutoa ikaizima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilichagua njia ya hatua kwa hatua: mgogoro hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, muda wa usuluhishi ni siku 30, kisha hupigwa kura, na mwajiri hupewa taarifa ya saa 48 kabla ya mgomo. Oktoba 2007 wafanyakazi wa Bulyanhulu waligoma kwa madai ya malipo na mazingira ya kazi. Kampuni ilisema mgomo haukufuata sheria, na wengi wa waliogoma walipoteza ajira. Mashauri ya aina hii huishia kwenye hoja za utaratibu: nani aliandika barua, lini, kwa nani. Mambo yaliyowatoa watu kazini hubaki nje ya hukumu, na hurudi kwa njia isiyo na tarehe: uzembe, utoro, dizeli iliyopungua.

Pale matokeo yasipotabirika kwa juhudi, watu hutafuta maelezo pengine. Mtu anaweza kuchimba mwaka mzima asipate kitu, na jirani yake akapiga mwamba wiki ya kwanza. Bidii haielezi tofauti hiyo, wala elimu. Kwa hiyo mganga huwa sehemu ya gharama za maduara mengi, na masharti yake huwa kanuni za kazi: siku za kutoshuka, chakula cha kutoleta, wanawake kutolikaribia shimo. Masharti hayo yana matokeo ya kiutawala. Yanamweka mwanamke kwenye kuponda mawe, kuosha marudio na kuuza chakula, mbali na mahali ambapo fungu kubwa hugawanywa, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kilichoanzishwa mwaka 1997, kitilie mkazo wanawake kumiliki leseni badala ya kuomba nafasi shimoni. Katika sura yake mbaya kabisa, tamaa hiyo ya bahati ilihusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, uhalifu ambao hakuna kutojua kunakoweza kuutetea.

Swali la nani anaona lina historia ndefu hapa kuliko dhahabu ya leo. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walianza ushirika wao kwa sababu ya mizani. Wakiamini kwamba wanunuzi wanawapunja uzito, waliweka wapimaji wao wenyewe, na kutoka hapo ukakua muungano wa ushirika wa Victoria Federation, ulioanzishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani na kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Ulipokuwa mkubwa, mizani ikawa mbali tena na mkulima. Mahesabu yalipanda ofisini, malalamiko ya ubadhirifu yakazidi, na serikali ikauweka chini ya usimamizi wake katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari asiloweza kulisoma mwenye mali halizuii chochote.

Miongo kadhaa baadaye dhahabu ilipita njia hiyo. Kwa muda mrefu mchimbaji mdogo aliuza kwa dalali usiku, kwa mizani ya dalali na bei ya dalali, na serikali ikamwita mtoroshaji. Februari 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, na Machi mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafungua soko la dhahabu Geita, lenye mizani ya wazi, bei inayofuata soko la dunia na maofisa wa Tume ya Madini. Watu waliokuwa wakikwepa walianza kupanga foleni. Haikuhitajika semina ya uzalendo. Gharama ya kuonekana ilikuwa imeshuka chini ya gharama ya kujificha.

Migodi huisha, na mwisho wake ni kipimo cha mwisho cha usimamizi. Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na kumaliza uzalishaji mwaka 2021. Mwaka 2024 kampuni ya Barrick iligeuza majengo yake kuwa chuo cha kufundishia wasimamizi wa ngazi ya kwanza kutoka migodi yake. Uchaguzi wa ngazi hiyo ni sahihi, kwa kuwa msimamizi wa zamu ndiye pekee katika kampuni anayeona kazi kwa macho yake na bado ana neno juu ya malipo na adhabu. Anachoweza kufundishwa ni kusikiliza, kupanga, kutoa onyo bila kudhalilisha, na kumshukuru aliyesimamisha kazi bure. Asichoweza kubadilisha kwa mafunzo ni mgao uliowekwa juu yake: kama bonasi yake inahesabiwa kwa tani peke yake, atarudi zamuni na kudai tani. Waliokaa makao makuu wakiandika jedwali la bonasi hiyo ndio wanaoamua, kabla yake, kama matimba yatawekwa.